Tela la Mafunzo Halitibiwi kwa Kiraka

Tela la mafunzo likipasuka, wenye nalo hukimbilia kumwita mchomeleaji. Anafika na mashine yake, grinda na kipande cha bamba. Anaujaza ufa, anabandika bamba juu yake, anapiga rangi, na kabla ya jioni tela limerudi kazini. Baada ya miezi kadhaa ufa unachomoza tena, safari hii kando ya bamba lilelile, tena ni mrefu kuliko wa kwanza. Anatafutwa fundi mwingine, wa kwanza anabebeshwa lawama, na bamba la pili linakatwa kubwa zaidi. Mimi nashikilia kwamba mara nyingi fundi hana hatia. Kosa limetendeka kabla hajawasha mashine: tumeamua kukarabati kitu ambacho hatujakichunguza. Ufa usiojulikana chanzo chake haufai kuchomelewa, hata kama wanafunzi wameshafika na ratiba imebana.

Ninaposema tela la mafunzo nina maana ya muundo mzito wa chuma uliojengwa juu ya magurudumu, au kontena lililofungwa juu ya tela, ambamo watu huingia kujifunza kazi ya hatari. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa zimamoto. Nchini Uswidi, katika miaka ya 1980, wataalamu wa moto walianza kutumia makontena ya meli kuwaonyesha askari jinsi moshi unavyoanza kuwaka juu ya vichwa vyao kabla chumba kizima hakijashika moto kwa mpigo mmoja, na mtindo huo ukaenea Uingereza na kwingineko. Wamarekani wametengeneza matela marefu yenye chumba cha kuchomea, ngazi, paa la kutobolewa na vyumba vya kutafutia majeruhi, yanayozungushwa kutoka kituo hadi kituo kwa sababu vituo vidogo haviwezi kujijengea mnara wa mafunzo. Kwetu Afrika Mashariki kontena limekuwa darasa, karakana, maabara na kliniki, na hesabu ya nguvu zake ni ileile hata pasipo moto ndani. Wazo lenyewe ninaliunga mkono kwa moyo wote. Ni nafuu kuyapeleka mafunzo Sumbawanga kuliko kuwasafirisha watu wote wa Sumbawanga hadi Dar es Salaam.

Shida ni kwamba muundo huu ni jengo na ni gari kwa wakati mmoja, na wanunuzi wengi huukagua kama jengo tu. Huuliza sakafu inabeba watu wangapi, ngazi ina vishikio, ukuta unastahimili joto kiasi gani. Hayo ni maswali ya siku ya mafunzo, tela likiwa limetulia juu ya miguu yake. Hakuna anayeuliza linapitia nini kati ya kituo na kituo. Watu 20 wenye kilo 80 kila mmoja ni tani 1.6, na mzigo huo hupanda na kushuka taratibu. Tela hilohilo likiparamia tuta la kijijini kwa kasi, uzito wake wote, ambao unaweza kuzidi tani 20, hurushwa juu kisha hudakwa na springi na boriti mbili ndefu za chasisi. Hilo ni tuta moja. Anayeijua barabara ya Morogoro hadi Iringa anajua matuta yako mangapi, na kila moja linapandwa wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Chuma huchakaa barabarani. Mafunzo huja tu kuonyesha kilichokwisha kuchakaa.

Elimu ya jambo hili ililipiwa kwa maisha ya watu. Tarehe 8 Mei 1842 treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris ilivunjika ekseli, mabehewa yakapandana na kushika moto, na zaidi ya watu 50 wakafa. Ekseli ile ilikuwa imebeba mzigo wake wa kawaida. Mwaka uliofuata William Rankine alieleza kwamba ekseli za namna ile huanza kupasuka kidogokidogo pale zinapobadilika unene kwa kona kali. Baadaye August Wöhler, mhandisi wa reli wa Kijerumani, aliunda mashine za kuzungusha ekseli mamilioni ya mara, akathibitisha kwamba chuma kinaweza kukatika kwa mzigo mdogo sana kuliko ule wa kukivunja kwa mkupuo mmoja, mradi mzigo huo uwe unakuja na kuondoka bila kukoma. Tunauita uchovu wa chuma. Kwenye viungo vilivyochomelewa hesabu yake ni kali: umri wa kiungo hufuata kipeo cha tatu cha badiliko la mkazo. Mkazo ukiongezeka kwa robo, umri unakatika nusu. Ukiongezeka maradufu, inabaki sehemu moja ya nane. Upande wa pili wa hesabu hiyohiyo ndio unaonipa moyo: ukipunguza mkazo kwa moja ya tano tu, umri unakaribia kuwa maradufu. Kwa hiyo swali langu la kwanza mbele ya ufa wowote ni mkazo umetoka wapi na tunaweza kuupunguzaje. Unene wa bamba huja baadaye sana.

Mshono wa kuchomelea una udhaifu wa kuzaliwa nao. Chuma kilichoyeyuka kikipoa hujikunja na kuacha mvuto ndani yake hata kabla hakijabebeshwa chochote, na pale mshono unapokutana na bamba kuna kijipembe kidogo ambamo mkazo hujirundika. Eurocode 3, kanuni ya Ulaya ya miundo ya chuma, katika sehemu yake ya 1-9 inayohusu uchovu, hukipa chuma kilichotoka kiwandani bila mshono daraja la 160; daraja likiwa kubwa, kiungo kinastahimili uchovu zaidi. Ncha ya bamba la kuimarisha lililochomelewa juu ya boriti hupewa 56, na kulingana na unene inaweza kushuka hadi 36. Ukiingiza tofauti hiyo kwenye kipeo cha tatu utaona kwa nini mimi husita ninapoona viraka. Aliyebandika bamba alidhani ameongeza nguvu, na kweli katikati ya bamba nguvu imeongezeka. Ila pale bamba linapoishia amepanda mbegu ya ufa mpya, tena mahali ambapo boriti haikuwa na kasoro yoyote.

Hakuna ajali inayolifundisha hili kuliko ya Alexander L. Kielland. Lilikuwa jukwaa la Norway katika Bahari ya Kaskazini, likitumika kama malazi ya wafanyakazi wa mafuta. Jioni ya tarehe 27 Machi 1980 moja ya nguzo zake 5 ilikatika, jukwaa likapinduka, na kati ya watu 212 waliokuwamo 123 wakapoteza maisha. Wachunguzi waliufuata mpasuko hadi kwenye mshono mdogo wa milimita 6 uliokuwa umeshikilia kitako cha kifaa cha kusikilizia sauti chini ya maji. Kifaa hicho hakikuwa sehemu ya nguvu za jukwaa. Kilipachikwa tu kwenye bomba kubwa lililokuwa likishikilia nguzo. Ndani ya ufa walikuta rangi, maana yake ulikuwapo tangu jukwaa likiwa bado linajengwa na kupakwa rangi. Namkumbusha kila fundi anayetaka kunichomelea ndoano ya mpira wa maji au kishikio cha taa kwenye boriti kuu ya tela: kiungo kidogo kisichobeba kitu ndicho kilichoanza kuua watu 123.

Sasa tuje kwenye kontena lenyewe, maana hapa ndipo kuna dhana potofu iliyoshika mizizi. Nimeambiwa mara nyingi, hata na watu wenye vyeti, kwamba kontena haliwezi kudhurika kwa sababu linabeba tani 192. Namba hiyo ipo kweli. Kibati cha usalama kilichogongelewa mlangoni, kinachotolewa chini ya mkataba wa kimataifa wa usalama wa makontena wa mwaka 1972, mara nyingi huonyesha kilo 192,000. Lakini huo ni uzito wa makontena mengine yanayopangwa juu yake, unaoshuka wima kupitia nguzo 4 za pembeni. Kwenye kibati hichohicho kuna namba nyingine ambayo hakuna anayeisoma: kilo 15,240, jaribio la kulisukuma kontena ubavuni kutoka juu. Huo ndio uwezo unaohusika barabarani, na unatokana na ukuta wa mabati ya mikunjo. Bati lile lina unene wa milimita 1.6 hadi 2 tu, na bomba la mraba linalopita juu yake kwa kawaida ni la milimita 60 lenye unene wa milimita 3. Peke yake bomba hilo ni jembamba mno. Linabeba kwa sababu ukuta mzima umelishika kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ndipo tunakuja na grinda tukate mlango wa dharura hapa, dirisha la mkufunzi pale, na tundu la bomba la moshi juu. Kila tunapokata tunaondoa sehemu ya kiungo kilichokuwa kikifanya kazi, na kona za lile tundu, zikikatwa kwa pembe kali, hurundika mkazo uliokuwa umesambaa ukuta mzima. Nyufa nilizoziona zaidi kwenye makontena ya mafunzo zinaanzia kona ya juu ya mlango uliokatwa ubavuni na kupanda kwa mshazari kuelekea bomba la juu. Kibati cha usalama hakina tena maana baada ya kukata namna hiyo, na ningependa kiondolewe kabisa ili kisimdanganye mtu.

Linalofuata ni namna kontena linavyofungwa kwenye chasisi. Chasisi ya tela imeundwa ijipinde: gurudumu moja likishuka kwenye shimo, boriti hujisokota kidogo, mzigo ukagawanyika kwenye springi zote. Kontena ni sanduku gumu lisilopenda kusokotwa. Loki 4 za pembeni huwa na nafasi ndogo ya kucheza, na mchezo huo ndio unaoruhusu chasisi ijipinde bila kuliburuta sanduku. Madereva hawapendi kelele yake. Taasisi moja ilikuwa na tela lililokuwa likigonga loki usiku kucha njiani. Wakatatua kelele kwa kuchomelea kontena moja kwa moja kwenye chasisi, pande zote. Kelele ilikwisha. Nyufa zikaanza kwenye chasisi mbele kidogo ya springi, kisha kwenye sakafu ya kontena juu ya kingpini (pini inayounganisha tela na kichwa cha lori), halafu kwenye kona ya mlango. Kila ufa ulishughulikiwa kivyake, kama magonjwa matatu ya watu watatu. Kumbe chanzo kilikuwa kimoja, nacho kilitengenezwa siku ile walipoua kelele.

Kwenye matela ya kuchomea moto joto huongeza yake. Chuma cha ujenzi hubaki na nguvu zake zote za kuanzia kulegea hadi karibu nyuzi 400 za Selsiasi. Kwenye nyuzi 600 zimebaki chini ya nusu, na kwenye 700 chini ya robo. Watu wengi wanaishia hapo, wakidhani maadamu chumba hakijafika nyuzi 600 hakuna tatizo. Wanasahau kutanuka. Bamba la mita 6 likipanda kwa nyuzi 400 hurefuka karibu sentimita 3, na kama limechomelewa kwenye fremu iliyobaki baridi, sentimita hizo 3 hazina pa kwenda: bamba litavimba au litang'oa mshono. Kisha linamwagiwa maji na kurudi kwa ghafla. Mazoezi yakirudiwa kila wiki, hiyo nayo ni aina ya uchovu, ila mizunguko yake ni michache na kila mmoja ni mkubwa. Ndiyo maana ukuta wa ndani wa chumba cha moto unatakiwa uning'inie kwenye vishikizo vyenye matundu marefu, uweze kusogea, na kati yake na ukuta wa nje kuwe na nafasi na kizuia joto. Ukuta wa ndani ukifungwa kwa mshono, fremu inayobeba tela ndiyo italipa.

Uchunguzi basi unaanzaje? Unaanza kwa kumzuia mwenye bomba la maji. Tela lililopasuka lisioshwe wala kukwanguliwa rangi kabla halijapigwa picha, kwa sababu uchafu ni ushahidi. Rangi iliyopasuka ikiacha mstari wa kutu ya kahawia inayochuruzika, ufa una umri. Kingo za ufa zikiwa zinang'aa, chuma kimeachana juzi. Rangi ikiwa imeingia hadi ndani, ufa una umri mkubwa kuliko kazi ya rangi ya mwisho, na aliyepaka aliufunika. Kama kipande kimekatika kabisa, uso wa mpasuko uangaliwe kwa kioo cha kukuzia: uchovu huacha sehemu laini yenye mistari ya mviringo inayofuatana kama mawimbi yaliyochora mchanga wa pwani, ikirudi nyuma hadi mahali ufa ulipozaliwa, halafu sehemu ya mwisho ya kukwaruza ambapo chuma kilichobaki kilishindwa kwa mara moja. Sehemu laini ikiwa kubwa na ya kukwaruza ikiwa ndogo, mzigo ulikuwa mdogo na ulikuja mara nyingi. Ikiwa kinyume, kuna siku tela lilizidishiwa au lilianguka shimoni, na dereva anaijua siku hiyo.

Kwa hiyo dereva aulizwe, tena kwa heshima, asijisikie yuko kizimbani. Yeye ndiye anayejua ni wapi tela huanza kuyumba, kona gani inalia na lini mlango ulianza kugoma kufunga. Mlango unaogoma ni kipimo cha bure cha fremu iliyopinda. Kipimo kingine ni kamba kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, kisha pembe nyingine mbili, ulinganishe urefu. Upande wa pili wa tela uangaliwe sehemu ileile, kwa kuwa miundo hii mara nyingi ina pande mbili zinazofanana na ufa wa kushoto huwa na pacha wake kulia, mdogo kidogo.

Halafu uzito. Mtu huniambia, "Injinia, tumepita mizani ya Vigwaza bila faini." Sawa, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 24 kwa ekseli 3 zilizo pamoja na tani 56 kwa gari zima, na tela la mafunzo mara chache hufika huko. Lakini mizani ya barabarani hulinda lami, na hupima ekseli nzima. Haikuambii kwamba mitungi ya gesi, jenereta na matofali ya moto vimepangwa upande mmoja na boriti ya kulia inabeba tani kadhaa zaidi ya mwenzake. Hilo hupimwa gurudumu kwa gurudumu, kwa mizani ndogo za kuweka chini ya tairi.

Mwisho wa ufa ndio mgumu kuonekana, na ndio muhimu kuliko mwili wake. Nilikuwa na fundi mmoja mzee wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mtu mwenye mkono mtulivu sana, tukiangalia ufa kwenye boriti ya chini. Kwa macho ulikuwa na urefu wa kidole cha shahada. Tukasafisha hadi chuma cheupe, kwa brashi na kiyeyushi, bila kuparamia grinda kwa sababu grinda huufinya mdomo wa ufa ukafunga. Tukapulizia dawa nyekundu inayopenya, tukasubiri robo saa, tukafuta kwa kitambaa chenye kiyeyushi kidogo tu, maana ukikimwaga moja kwa moja unaiosha dawa hadi ndani ya ufa. Kisha dawa nyeupe. Mstari mwekundu ukajichora taratibu, ukapita pale tulipodhani umeishia, ukaenda mbele upana wa vidole vinne, ukajificha chini ya mshono wa kiraka cha zamani. Mzee akainama, akautazama kwa muda. "Kumbe miaka yote tunachomelea mkia," akasema, "kichwa kiko huku."

Baada ya hapo ndipo kuna haki ya kuchomelea. Mitungi ya gesi itolewe kabisa, betri ifunguliwe, na waya wa ardhini ubanwe karibu na mahali pa kazi, umeme usije ukapita kwenye beringi za magurudumu na springi ukaziunguza kimyakimya. Tela liinuliwe kwa jeki na vigogo hadi uzito utoke kwenye boriti na ufa ujifunge. Ukichomelea ukiwa wazi chini ya mzigo, umeganda na kasoro yake. Tundu litobolewe mbele kidogo ya ncha ya ufa ili kuiondoa ile ncha kali. Wapo wanaoliacha tundu hilo kama tiba kamili. Ni huduma ya kwanza ya kukufikisha karakana. Ufa wote uchimbwe kwa grinda hadi uishe, na dawa nyekundu ipuliziwe tena ndani ya mtaro kuhakikisha umekwisha, hatua ambayo huachwa karibu kila mara kwa kisingizio cha muda.

Fimbo za kuchomelea ni habari yenyewe. Kwa boriti nene za chasisi hutakiwa fimbo zenye haidrojeni ndogo, kama E7018, na fimbo hizi hunyonya unyevu. Pakiti iliyofunguliwa na kulazwa karakanani kwenye hewa ya Tanga au Mombasa imeshapoteza sifa yake. Inahitaji kuokwa upya kwa nyuzi 300 na ushee, kisha kutunzwa kwenye oveni ndogo ya moto hadi dakika ya kutumika. Unyevu ukiingia kwenye mshono, haidrojeni hubaki ndani na kupasua chuma baada ya kupoa, wakati mwingine hadi saa 48 baadaye. Ndiyo maana mshono uliokaguliwa jioni ileile na kupasishwa haujakaguliwa. Wapo wanaonijibu kwa kupendekeza chuma kigumu zaidi, kile cha matela ya kisasa chenye nguvu maradufu ya chuma cha kawaida. Kwa uchovu wa mshono ugumu huo hausaidii: mshono kwenye chuma cha bei ghali huchoka sawasawa na mshono kwenye chuma cha kawaida, na cha ghali ni chepesi zaidi kuharibika kwa joto la fundi asiyekifahamu.

Kinachosaidia ni umbo. Kingo za mshono zilainishwe kwa grinda, mikwaruzo ielekee upande mmoja na mkazo, kijipembe kile kitoweke. Bamba la kuimarisha likibidi, liwe refu kupita eneo lenye mkazo mkubwa, ncha zake zichongwe zipungue taratibu, na lisipigwe mshono wa kukingama kwenye ubavu wa chini wa boriti. Mara nyingi mimi huchagua boliti zenye kukazwa vizuri badala ya mshono mpya. Kwenye kontena, kona za matundu yote zikatwe kwa mviringo usiopungua upana wa kiganja, na kuzunguka kila tundu ichomelewe fremu ya bomba inayofika bomba la juu na la chini, ili njia iliyokatwa irudishwe. Kontena lililogandishwa kwenye chasisi lifunguliwe, lifungwe kwa nukta 3: mbili nyuma, na moja mbele katikati inayoruhusu chasisi kujisokota chini yake bila kulilazimisha sanduku. Ni kazi ya gharama kuliko kiraka. Lakini hesabu ya kipeo cha tatu iko upande wake, na bili za viraka zikijumlishwa, kiraka si rahisi hata kidogo.

Lipo la mwisho ambalo haliko mikononi mwa fundi. Wamarekani waliandika kiwango cha mafunzo ya moto halisi, NFPA 1403, mwaka 1986, baada ya askari wawili wa zimamoto kufa wakiwa mazoezini huko Boulder, Colorado, mwaka 1982. Kinataka muundo uangaliwe kabla ya mazoezi, na mara kwa mara uthibitishwe na mtaalamu mwenye leseni. Sisi tunayo Bodi ya Usajili wa Wahandisi na tunao Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Kinachokosekana ni sharti kwenye mkataba wa ununuzi. Mkataba ueleze tela litasafiri kilomita ngapi kwa mwaka na kwa barabara za aina gani, na muuzaji atoe hesabu ya uchovu kwa safari hizo, pamoja na ile ya sakafu na ngazi. Tela liwe na daftari lake linalosafiri nalo: kilomita, mazoezi ya moto, kila mshono ulioongezwa, nani aliuchomelea na kwa fimbo gani. Baada ya ukarabati mkubwa lirudishwe kukaguliwa kwa dawa nyekundu likishatembea kilomita 500, na tena baada ya 2,000. Mkufunzi mkuu awe na mamlaka ya kuandika kwenye daftari hilo kwamba tela halitumiki, bila kusubiri kibali cha ofisi, na lisirudi barabarani hadi mhandisi aliyesaini uchunguzi asaini na ukarabati.